Waliposimama Wote Isipokuwa Waithira

Soko la mitumba la Eldoret lilikuwa limefurika Jumamosi hiyo. Waithira, katika rinda la kijani na sweta ya njano iliyomkaa vizuri, alikuwa ameinamia rundo la raba akitafuta zenye soli nene. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba viatu ndivyo vilivyomponza. Mguu wa kushoto ulikuwa umeanza kumchoma bila sababu, kutoka kiunoni hadi vidoleni. Siku moja uliwaka, siku nyingine ulinyamaza kabisa hata akajiona mwongo.

Mkono mwingine ukashika raba ileile.

"Hiyo ni ya kike," Waithira akasema.

"Ndio maana nakuachia," akajibu mwanamume mrefu aliyevaa trakisuti ya bluu. "Lakini uniambie unakimbianga wapi."

Huyo alikuwa Kigen, mwalimu wa shule ya msingi mtaa wa Pioneer. Waithira, mwenye duka la nafaka mtaani Huruma, hakuwa akikimbia popote. Alitembea tu asubuhi kabla ya kufungua duka, maana daktari alimwonya asikae bure. Kigen akaomba watembee pamoja, na kabla mvua za msimu ule hazijaisha walikuwa wakiitana mpenzi kwenye simu.

Kuhusu mguu hakumwambia neno. Angemwambia nini? Eksirei ilitoka safi, damu nayo ikatoka safi. Daktari mmoja alisema ni mishipa ya fahamu, mwingine akasema ni mawazo, na dadake Wangeci akashikilia kwamba ni baridi. Waithira hakujua amwamini nani. Tena huu ni mji wa wanariadha, ambao hata mama mboga anabishana kuhusu mbio. Mchumba wa hapa utaanzaje kumwambia kwamba mguu wako una shida ambayo wewe mwenyewe huijui?

Siku ya kupelekwa kwa kina Kigen, kijijini Ainabkoi, kutambulishwa kama mchumba, ikafika. Waithira alivaa rinda la zambarau na mkufu wa mamake. Sebule ilijaa shangazi na wajomba, mursik, maziwa yao ya mgando, ikazungushwa, wakamtania kwamba atafunzwa kukamua ng'ombe. Kisha Mzee Kimeli, babake Kigen, akainuka kuwabariki, na nyumba nzima ikasimama. Katika nyumba ile baraka ya mzee ilipokewa kwa kusimama. Waithira alijaribu. Moto ukashuka mguuni hadi macho yakaingia giza, akarudi kitini akainamisha kichwa. Mzee aliomba maneno machache, akayakata, akaketi. Hakuna aliyeuliza kitu. Shangazi mmoja alinong'ona kwa Kikalenjin, na Waithira hakuhitaji mkalimani.

Kigen alimrudisha mjini jioni hiyo. Kesho yake akapiga simu.

"Kama hunitaki, si ungeniambia tukiwa wawili? Mbele ya babangu, Waithira?"

"Sikukataa."

"Ulikaa."

"Ndio, nilikaa."

"Kwa nini?"

Akitaja ugonjwa, ataulizwa ni ugonjwa gani. Alikata simu, akalia kwa hasira, na hakujua hasira hiyo ni ya Kigen, ya madaktari au ya mguu.

Siku chache baadaye Kigen alifika dukani, shati lake jeupe likiwa na vumbi la chaki. Waithira alitaka kutoka nyuma ya kaunta amkabili, lakini mguu ukamshika, akang'ang'ania gunia la maharagwe kwa mikono miwili.

"Ni nini hiyo?"

"Ndiyo iliyonikalisha." Akamweleza yote, hadi zile safari za hospitali zisizo na jibu.

"Lakini eksirei si ilisema uko sawa?"

"Enda, Kigen."

Hakwenda. Alijipangusa uso, akakaa juu ya gunia la mahindi.

"Nisamehe. Sielewi, mpenzi. Lakini ukisema inauma, inauma."

"Na isipopona?"

"Sijui. Kwani wewe unajua?"

"Sijui."

"Basi hatujui sisi wote. Mimi bado nataka kukuoa."

Waithira akaachia gunia la maharagwe. Alimpenda mno, na aliogopa. Kisha akanyoosha mkono na kumwomba ampigie babake, ampe simu.

"Mzee, ni Waithira. Siku ile sikukataa baraka yako. Mguu ulinikataza kusimama, nikaona aibu kusema."

Mzee akakohoa.

"Na mimi niliona aibu kuuliza," akasema. "Nikadhani mtoto wa wenyewe ametukataa, nikakata maombi katikati. Hayo maneno yamenikaa kooni hadi leo. Rudi, mama, niyamalize."

"Nitarudi, Mzee. Lakini huenda nikawa nimekaa."

"Kaa," mzee akasema. "Mimi nitainama."

Waithira alimrudishia Kigen simu akiwa analia na kucheka. Mguu ulikuwa bado unachoma, na hakujua ni kwa nini.