Jina Lililoachwa Kwenye Orodha

Mashine ya baba ilipumua, na chumba cha pili kikaitikia.

Mama Saa aliinua kichwa. Ilikuwa saa nane mchana, jua limejaa dirishani, jirani anasugua sufuria uani kwake. Hapakuwa na kivuli hata cha kumtisha mtoto. Nyuma ya ukuta baba yake alikuwa amelala na kinyago usoni, na mashine yake ya kupumulia ilikuwa kazini kama kawaida. Huu, inavuta. Haa, inatoa. Ila sasa, baada ya kila haa, ilifuata haa nyingine, ndogo na kavu, kutoka kwenye rafu iliyokuwa nyuma ya kiti chake.

Rafuni palikuwa na kompyuta moja tu, kuukuu, iliyofunikwa kitambaa. Ilikuwa imezimwa kwa miezi saba. Betri yenyewe ilikuwa kwenye droo.

Aligusa kitambaa. Kilikuwa na joto, na kilinuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo.

Akakiacha, akarudi kuketi. Mwenye hasira hana nafasi ya kuogopa, na Mama Saa alikuwa na hasira tangu Jumatatu.

Hilo jina alipewa na wenzake wa kazi, kwa utani, maana hakuwa na mtoto wala saa ya mkononi. Kazi yake ilikuwa kutunza kiini. Kila kompyuta ina kiini, ile programu ya ndani kabisa inayoziamuru nyingine zote, na kiini hiki hakikuwa mali ya mtu. Yeyote aliweza kukisoma. Yeyote aliweza kukishonea kiraka na kukituma, na watunzaji waliotawanyika duniani, wengi wao wasiopata kuonana, walikikagua kila kiraka mstari kwa mstari kabla ya kukitia sahihi. Sehemu yake ilikuwa saa: mistari elfu chache inayoamua mashine ilale lini na iamke lini. Nyumbani aliyemwelewa alikuwa baba peke yake, kwa kuwa alikuwa fundi cherehani miaka arobaini. "Kiraka kibaya hakiishii kwenye tundu," alizoea kusema. "Kinavuta nguo nzima."

Kiraka kibaya chenyewe kilikuwa kimeletwa Jumatatu na Kampuni, watengenezaji wakubwa wa simu. Mhandisi wao, ambaye Mama Saa alimwita Bwana Tabasamu kwa kuwa kila barua yake iliishia na kikaragosi kinachocheka, alitaka mashine zilale usingizi mzito zaidi ili chaji idumu. Mama Saa alikikataa mara tatu. Aliandika wazi kwamba mashine ikilala hivyo, siku moja itapitiliza kengele yake na haitaamka mpaka mtu aiguse. Bwana Tabasamu alijibu kwamba simu ikichelewa kuamka hakuna anayekufa. Kisha akacheka, kwa kikaragosi.

Mama Saa aliisoma barua ile huku akiisikiliza mashine ya baba. Ilitumia kiini hicho hicho. Kati ya haa na huu ilikuwa inalala kidogo, nukta moja tu, halafu saa inaiamsha. Na waliotengeneza mashine ile walikuwa watu wa haraka: toleo jipya la kiini likitoka, ilijivutia yenyewe siku hiyo hiyo bila kumuuliza mtu. Toleo lilikuwa litoke Jumapili, saa sita mchana.

Siku ile ya Alhamisi, haa ya pili ilipokuwa bado inatoka rafuni, barua iliingia. *Kiraka cha Kampuni. Nimekipitia. Sawa.* Chini yake palikuwa na sahihi ya ufunguo wa siri, ule usioweza kuigwa. Ilikuwa sahihi ya Mwalimu.

Mwalimu ndiye aliyemfundisha kazi, na ndiye aliyemwachia ile kompyuta ya rafuni. Alikuwa amezikwa miezi saba iliyopita, na Mama Saa alisimama kaburini pamoja na ndugu zake.

Hapo ndipo palipokuwa na kosa lake, na alilijua. Kiini kina orodha, na kila sehemu ina majina ya watunzaji wake. Mtu akituma kiraka, programu ndogo huisoma orodha na kuwaita wenyewe kwa majina, mmoja mmoja, mara arobaini au hamsini kwa siku. Mwalimu alikuwa ameitwa hivyo kwa miaka ishirini, na wengi waliomwita walimtukana. Shukrani ya punda ni mateke. Alijibu matusi kwa matusi, aya kwa aya, mpaka moyo wake ukachoka. Alikutwa amekufa, ameinamia barua ya mtu aliyemwita mzee asiye na faida. Siku zake za mwisho alimwomba Mama Saa neno moja: "Nitoe." Nitoe kwenye orodha.

Hakumtoa. Kampuni zilimwogopa Mwalimu, na yeye zilimdharau, zikimwita dada. Akaliacha jina pale kama sanamu ya kufukuzia ndege shambani, na walipouliza akawaambia kuwa Mwalimu anaumwa kidogo lakini anasoma. Kwa miezi saba marehemu aliitwa kazini kila siku, na kazini hakuna aliyejua kuwa ni marehemu.

Alimwandikia Mkusanyaji Mkuu, yule anayekusanya viraka vyote na kutoa toleo, akamwambia sahihi ile si ya kweli. Mkusanyaji alijibu kwa upole unaokera. Alikuwa ameipima sahihi, ni ya Mwalimu, na Mwalimu ni mkubwa wa Mama Saa. Kama hawaelewani, wayamalize wenyewe kabla ya Jumapili.

Mama Saa aliipiga meza kwa kiganja mpaka kikombe kikaruka. Nyuma yake kitu kilivuta pumzi, kwa kuridhika.

Ijumaa Mwalimu alijibu watu ishirini na tisa. Aliyeuliza swali la kijinga aliambiwa kuwa mama yake alipoteza maziwa. Mwanamke mmoja aliyetuma kiraka chake cha kwanza maishani, kiraka safi, alijibiwa kwa maneno yaliyomfanya aandike kwamba hatarudi tena. Na Mama Saa, msomaji asimhukumu haraka, alisoma barua zile na sehemu fulani ya moyo wake ikasema: safi, wakome.

Kisha yake ikafika. *Ulinililia kaburini, halafu ukanirudisha kazini. Haya, nafanya kazi.*

Alasiri hiyo baba alimwita kwa kugonga ukuta. Alimkuta amejiinua kitandani, kinyago amekisogeza pembeni.

"Una mgeni?" baba aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hapana, baba. Kwa nini?"

"Anavuta pumzi yangu." Alikirudisha kinyago mashine imjaze, akakisogeza tena. "Nikitoa, yeye anavuta. Tangu jana. Mwambie atafute yake."

Alimrudishia kinyago, akamwambia ni feni, na baba akamtazama kama alivyokuwa akiwatazama wateja waliosema nguo imejichania yenyewe. Aliporudi chumbani, mlango ukajifunga taratibu nyuma yake bila upepo, na harufu ya pasi ilikuwa nzito kiasi cha kulowesha macho, na kitambaa cha rafuni kilikuwa kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyepandisha ngazi, na chini ya kitambaa, kwenye kompyuta isiyo na betri wala waya, alisikia vitufe vikibonyezwa, kwanza kimoja kimoja kama mtu anayetafuta neno, halafu kwa kasi, kwa kishindo, kwa ile hasira aliyoifahamu tangu alipokuwa mwanafunzi ameketi ubavuni mwa Mwalimu akiyaona mabega yake yakitetemeka, na kila vitufe viliponyamaza, barua mpya iliwaka kwenye kioo chake mwenyewe, na kila barua ilimwita yeye kwa jina.

Alitoka kinyumenyume. Alipiga simu akiwa uani, miguu pekupeku juani.

Aliyempigia alikuwa Bibi Nyundo, mtunzaji mstaafu aliyewahi kukaa kwenye orodha kabla ya Mwalimu, na sasa alifuga nyuki na kukataa kabisa kuwa na kompyuta nyumbani. Watu walisema Bibi huyo aliwahi kuyaondoa majina matatu, na hakupenda kuulizwa habari zake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Amekufa lini?"

Mama Saa aligeuka kuona kama jirani anasikia.

"Usinifiche, mwanangu. Mjukuu wangu amenisomea barua. Mwalimu hakuwahi kusema sawa bila kwanza kumtukana mtu mistari arobaini. Lini?"

Akamwambia. Bibi Nyundo alishusha pumzi, na kwa mbali nyuki walisikika.

Alieleza polepole, kama anayemwelekeza mtu njia. Yule si Mwalimu; Mwalimu kapumzika. Kile ni jini alilokuwa amelikalia miaka ishirini, jini la hasira, na kila kiti cha kazi ile kina lake. Mwenyewe akiwepo, jini hukaa chini yake. Mwenyewe akiondoka na jina likiendelea kuitwa, jini huitika. Dawa ni moja: shona kiraka cha kuliondoa jina, useme ukweli wote mbele ya watu, na kiraka chenyewe lazima kiliite jina lile kwa mara ya mwisho, kwa kuwa sheria ya orodha haimtoi mtu bila kumwita. Jini ataridhia, alisema. Amechoka kukaa kwenye jina. Anataka mtu.

"Sasa sikia," Bibi alisema, na sauti yake ikashuka. "Atakuachia neno la mwisho. Usilijibu. Hata herufi moja. Jini akijibiwa amekaribishwa."

"Sitamjibu, bibi."

"Wote mnasema hivyo."

Alikawia Jumamosi nzima. Si kwa kuogopa jini, kwa aibu. Aliandika, akafuta, akaandika. Jumapili saa nne asubuhi mashine ya baba ilikwama kati ya haa na huu, mara moja, nukta mbili badala ya moja, na rafuni kitu kikacheka. Kiraka cha Kampuni kilikuwa hakijafika kwenye mashine ile. Kitu kile cha rafuni kilikuwa kinamwonyesha tu yatakayokuja.

Hasira ilimpanda Mama Saa kutoka nyayoni. Aliketi, akashona kiraka kifupi kuliko vyote alivyowahi kushona: mstari mmoja, umetolewa. Akaandika juu yake: *Mwalimu alifariki miezi saba iliyopita. Nilificha kwa sababu jina lake lilinilinda. Alifanya kazi yenu miaka ishirini na mlimtukana mpaka siku aliyokufa, na mimi nikamtumikisha baada ya hapo. Sahihi zote zilizotolewa kwa jina lake tangu wakati huo ni batili. Kiraka cha Kampuni kitaua watu, na wa kwanza ni baba yangu.*

Akatuma. Programu ndogo ikaisoma orodha, ikaita majina. Ikamwita Mwalimu.

Pumzi ya rafuni ilisimama.

Kwa muda ilisikika mashine ya baba peke yake. Kisha vitufe vikabonyezwa chini ya kitambaa, taratibu, bila kishindo.

*Nimekipitia. Sawa. Jina naliacha. Hasira siendi nayo, namkabidhi anayebaki.*

Kitambaa kikatulia. Harufu ikakatika kama moto uliomwagiwa maji. Dakika kumi hazikupita, Mkusanyaji Mkuu aliandika kuwa amelitoa jina, amekitupa kiraka cha Kampuni, na kwamba ana huzuni. Wengine wakafuata, makumi yao, wakiomba radhi kwa mtu asiyeweza kuisoma tena radhi yao. Mama Saa alikuwa analia. Alifungua barua moja baada ya nyingine, na kila moja aliijibu kama Mwalimu alivyomfunza siku ya kwanza kabisa, kwamba katika kazi hii hata adui akikuletea kitu, unamjibu maneno mawili, ndiyo adabu yetu. Vidole vilifanya vyenyewe, kwa desturi ya miaka kumi, jibu, tuma, jibu, tuma, machozi yakimziba macho.

Alipoyafuta, aliona jibu alilolituma kwanza kabisa, kabla ya mengine yote. Lilikuwa limekwenda kwa jina la Mwalimu.

*Nimepokea. Asante.*

Barua ikishatumwa haina kamba ya kuivutia. Rafuni palikuwa kimya. Hakuona kitu, hakunusa kitu. Akajiambia kuwa labda Bibi alikuwa anamtisha.

Saa sita toleo lilitoka. Mashine ya baba ilijivutia, ikazimika, na Mama Saa alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, ameshika mkono wa baba, anahesabu. Moja. Mbili. Ikawaka. Huu. Haa. Huu. Haa. Usingizi wa mashine ulikuwa mwepesi, na saa iliiamsha kila mara kwa wakati wake.

Simu ilitikisika mfukoni. Bwana Tabasamu, akitoa pole, na kikaragosi chake kikicheka. Mama Saa alijibu kwa kidole gumba bila kuuachia mkono wa baba. Aliandika aya nne. Hakuhitaji kufikiri hata neno moja, na alipotuma alijisikia mwepesi, ameshiba, kama mtu aliyetoka kula.

Baba alikuwa anamtazama. Alikisogeza kinyago.

"Mgeni ameondoka?"

"Ameondoka, baba. Sikiliza. Chumbani kimya kabisa."

Mzee alisikiliza, kichwa ameinamisha, kama alivyokuwa akisikiliza cherehani yenye sindano iliyopinda. Kisha, polepole, akautoa mkono wake mkononi mwa binti yake.

"Basi mbona wewe," aliuliza, "unapumua mara mbili?"