Tuzo ya Jeraha Bora

Foleni ya kuingia ukumbini ilianza kusogea saa nne asubuhi. Mbele alisimama bibi harusi aliyekufa, na nyuma yake daktari mwenye shoka kichwani, aliyekuwa akilalamika kwamba shoka linambana. Mpiga picha alipiga magoti kando ya mlango, kamera begani. Alikuwa ametumwa kutengeneza filamu ya makala kuhusu kongamano la mashabiki wa filamu za kutisha, na kufikia saa hiyo alikuwa amerekodi nyuso arobaini, zote zikipiga mayowe.

Uso wa arobaini na moja ulikuwa umetulia. Mwanamke alivaa gauni la njano la mikono mirefu, nywele amezibana juu, na shavu lake la kushoto lilikuwa limeungua hadi shingoni na kuingia chini ya gauni.

"Dada, hiyo kazi safi sana. Nani kakufanyia?"

"Nilijifanyia mwenyewe. Nikiwa na miaka tisa."

"Ulianza mapema."

"Mapema mno," alisema, akacheka.

Mpiga picha akavuta lenzi karibu, na hapo ndipo alipoona. Jeraha la mpira wa kubandika huwa na ukingo. Hili halikuwa nao. Ngozi ilikunjamana pamoja na kicheko. Akaishusha kamera.

"Umeshaona," mwanamke akasema.

"Nimeona. Nisamehe, tafadhali."

"Ukiomba radhi utaniharibia siku. Na ongea kwa sauti ya chini, saa kumi nina mashindano."

Mashindano yenyewe yalikuwa ya Tuzo ya Jeraha Bora. Alikuwa ameshinda miaka miwili mfululizo. Kanuni ya ukumbi ilimlinda: hakuna anayegusa jeraha la mwenzake, kwa sababu rangi huchafuka. Waamuzi walimulika kwa tochi, wakaguna, wakaandika. Bwana Kaburi, mshereheshaji, ambaye siku za kazi alikuwa karani wa bima, alimvisha utepe mwekundu kwa mara ya tatu. Bibi harusi aliyekufa alitoka wa pili.

"Wewe ni mchawi," bibi harusi alimnong'oneza. "Gundi gani unatumia? Niambie, nife mara ya pili nikiwa najua."

"Siri ya familia."

"Mwaka kesho nakupindua."

"Karibu ujaribu."

Mpiga picha alilirekodi hilo lote. Kisha, katika chumba cha kubadilishia nguo, mwanamke alikaa kwenye kiti chini ya taa za kioo, akamsimulia habari ya sufuria ya mafuta, mkono wake mdogo na mpini uliokuwa umeelekea nje ya jiko. Kamera ilikuwa imewashwa, na yeye aliiona imewashwa.

"Kwa nini unakuja hapa kila mwaka?"

"Nje watu hunitazama, halafu wakatazama pembeni. Humu hunitazama, halafu wakauliza gundi."

Alisaini fomu ya ridhaa bila kuisoma, akarudisha kalamu.

"Onyesha nikishinda. Hili la mafuta nimekupa wewe. Kwenye filamu lisiwemo."

"Nakuahidi."

Kazi ya mwanamke ilikuwa simu. Alihudumia wateja katika idara ya maji, ghorofa ya tatu, meza ya dirishani, vifaa vya kusikilizia kichwani kuanzia saa mbili hadi saa kumi. Watu waliokuwa na mabomba makavu walimpigia wakiwa na hasira, wakamaliza kwa kumshukuru kwa sauti yake. Mpiga picha naye alianza kupiga.

"Idara ya maji, nikusaidie nini?"

"Kuna uvujaji mkubwa."

"Pole, mheshimiwa. Sehemu gani?"

"Kifuani. Upande wa kushoto."

"Hilo bomba si letu. Na msimamizi wangu anasikiliza."

"Basi kata, zimwi langu."

"Siruhusiwi kukata kabla ya mteja. Sheria ya kazi. Kata wewe."

"Sikati."

"Kata, bwana wee! Kuna watu hawajaoga tangu juzi!"

Walikutana kila Jumapili. Aliruhusu shavu lake liguswe kwa mara ya kwanza mwezi wa pili, kwenye ngazi za nyumba aliyoishi na dada yake mkubwa, akaeleza kwa utaratibu ni wapi anahisi na wapi hahisi kitu. Mpiga picha aliyakumbuka maeneo hayo yote. Dada mtu alimkaribisha chakula, akamchunguza kutoka supu hadi chai.

"Huyu anakutazama vizuri," alisema baada ya mgeni kuondoka. "Hatazami pembeni."

"Ni kazi yake, dada."

"Kazi au si kazi, mshike."

Mwezi wa kumi na moja tangu wakutane, mtayarishaji wa filamu, mama mmoja mfupi mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, alikaa chumba cha uhariri akatazama saa nzima.

"Mavazi," alisema hatimaye. "Mwanangu, umeniletea gwaride la mavazi. Watu wako wapi?" Alijifungulia mwenyewe vipande vilivyowekwa kando, akafika kwenye gauni la njano chini ya taa za kioo. Alikitazama mara mbili. "Hiki umekificha kwa nini?"

"Nilimwahidi."

"Fomu amesaini?"

"Amesaini."

"Basi muulize. Akikataa, tunakitoa."

Kutoka siku hiyo hadi filamu ilipoonyeshwa zilipita siku kumi na tisa. Mpiga picha alizungumza naye kila siku katika hizo kumi na tisa. Hakumuuliza. Mara moja alikaribia.

"Mpenzi, kuhusu filamu..."

"Usiniambie! Nataka nione pamoja na wenzangu. Sikia, nimemaliza gauni. Rangi ya zambarau, bega la kushoto wazi kabisa. Sijawahi kuvaa bega wazi maisha yangu yote. Bibi harusi atazimia."

"Utapendeza."

"Nitatisha, sema vizuri!"

Mpiga picha aliamini kwamba mwanamke akiona atafurahi. Kila mtu atamjua alivyo kweli, na watampenda, na yeye mpiga picha atapanda jukwaani na pete. Aliinunua siku ya kumi na nne. Mtayarishaji alipouliza kwa simu kama mwanamke amekubali, alijibu kwamba amekubali.

Filamu ilionyeshwa kongamano lilipofika tena, Jumamosi saa nane mchana, ukumbi ule ule, viti mia tatu. Mwanamke alikaa safu ya pili, bega wazi, kati ya bibi harusi aliyekufa na daktari wa shoka. Mwaka huo bibi harusi alikuwa amejichora moto shavuni, upande wa kushoto, kazi ya saa sita. Walichokozana hadi taa zilipozimwa.

Dakika ya hamsini na mbili gauni la njano lilionekana kwenye skrini. "Nilikuwa na miaka tisa," sauti yake ilisema, ile sauti ya idara ya maji. "Mpini ulikuwa umeelekea nje."

Taa zilipowaka watu mia tatu walisimama. Walipiga makofi kwa dakika nne. Bwana Kaburi alikuwa analia waziwazi, rangi nyeusi ikimchuruzika hadi kwenye kola.

"Dada yetu," alisema kwenye kipaza sauti, "hutashindana tena nasi. Kuanzia leo wewe ni mgeni wetu wa heshima."

Bibi harusi aligeuka. Alimwangalia jirani yake, bega, shingo, shavu, kisha akatazama pembeni. Akashika ncha ya shela lake akaanza kujifuta uso.

"Samahani, dada yangu," alisema. "Sikujua."

"Usifute."

"Samahani sana. Najiona mjinga."

"Nakuomba usifute."

Nyuma yao wengine walikuwa wameshaanza kufuta, kwa leso, kwa mikono ya mashati, mmoja kwa karatasi ya ratiba. Alipoinuka walimpisha njia. Hakuna aliyeuliza gundi.

Mpiga picha alimkuta kwenye ngazi za dharura, amejifunika bega kwa mkoba.

"Walisimama wote," alimwambia. "Uliona? Wanakupenda."

"Jana walikuwa wananionea wivu."

"Nilidhani ukiona..."

"Uliniuliza?"

"Hapana."

"Siku zote hizi nakwambia habari za gauni. Wewe ulikuwa wapi?"

Mpiga picha akatoa kijisanduku cha pete. Mwanamke alikitazama kikiwa kimefungwa.

"Hiki ungenipa jukwaani?"

"Ndiyo."

"Mbele ya kamera."

Mpiga picha aliitikia kwa kichwa.

"Iko wapi sasa hivi?"

Ilikuwa ukumbini, kwenye miguu yake mitatu, ikielekea jukwaa. Ilikuwa bado inarekodi. Alimwambia hivyo, kwa kuwa ilikuwa kweli, naye akashuka ngazi akiushika ukingo wa gauni.

Mpiga picha alikiondoa kipande cha gauni la njano kwenye filamu mwezi uliofuata. Nakala zilikuwa zimeshasambaa katika miji kumi na moja. Simu zake hazikupokewa nyumbani kwa mwanamke, na dada mtu alimfungulia mlango mara moja tu.

"Mimi ndiye niliyesema unamtazama vizuri," alisema. "Nenda zako, baba."

Mwaka uliofuata alikwenda kongamanoni bila kamera. Alimtafuta kwenye kila safu. Ubaoni, chini ya masharti ya Tuzo ya Jeraha Bora, palikuwa na mstari mpya: majeraha ya moto hayaruhusiwi, kwa heshima ya dada yetu. Jumatatu saa tatu asubuhi alipiga idara ya maji, akakata, akapiga tena. Mara ya sita ilipokewa na aliyemtaka.

"Idara ya maji, nikusaidie nini?"

"Ni mimi."

"Hitilafu yako ni ipi, mheshimiwa?"

"Nimetoka kule. Wamepiga marufuku majeraha ya moto. Kwa heshima yako."

"Kwa hiyo hata nikitaka kuingia siruhusiwi."

"Huruhusiwi."

"Nimekuelewa. Kuna lingine nikusaidie?"

"Naomba unisamehe."

"Hilo halishughulikiwi na idara hii. Kuna lingine?"

"Hakuna."

"Asante kwa kupiga."

Laini haikukatika. Alimsikia akipumua, na nyuma yake simu nyingine zikiita. Dakika ikapita. Kwa muda huo wote alijiruhusu kuamini kwamba amebaki kwa ajili yake.

"Mteja," sauti ilisema, laini, ya kazi, "mimi siruhusiwi kukata. Na kuna watu kwenye foleni."

Mpiga picha akakata.