Ufunguo wa Mzee Abdalla

Siku za likizo, Nanjala alianza asubuhi yake kwa kufagia mlangoni kwao Kabiria na kupika chai, huku mama yake, Everlyn, akipiga pasi nguo za kazini. Kisha walikwenda mjini pamoja. Mama alifanya kazi ya kupokea wageni katika ofisi moja karibu na River Road. Nanjala, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alikaa nyuma ya meza ya mama akisoma vitabu vyake.

Mwezi huo mama alikuwa na jambo kubwa. Mkuu wa ofisi, Bi Wangeci, alikuwa ameona kwamba wafanyakazi wake hawajuani. Watu wa hesabu walikaa orofa ya juu na watu wa mauzo orofa ya chini. Walipokutana kwenye ngazi, walipishana kama wageni. Akamwomba Everlyn aandae siku ya wafanyakazi.

"Ukifaulu," alisema, "nitakukabidhi mikutano na sherehe zetu zote."

Mama alikuwa ameitamani kazi hiyo kwa muda mrefu. Aliamua kuandaa mchezo wa msako. Kila kikundi kingepewa kitendawili, na jibu lake lingewapeleka kwenye duka fulani. Huko wangepata kitendawili kingine, hadi wafike kituo cha mwisho. Jioni, mama na binti walitunga vitendawili jikoni huku wakichambua mboga.

"Nina meno mengi lakini sijawahi kuonja ugali," Nanjala alisema.

"Msumeno," mama akacheka. "Hicho kitawapeleka kwenye duka la vifaa vya ujenzi."

Duka hilo, lililokuwa River Road, lilikuwa la Mzee Abdalla, aliyetoka Lamu miaka mingi iliyopita, nalo ndilo lingekuwa kituo cha mwisho. Zawadi ingefungwa ofisini ndani ya kasha kwa kufuli, naye angetunza ufunguo. Kikundi cha kwanza kumfikia ndicho kingepewa.

Mama hakuomba msaada huo kwa simu. "Anayeombwa fadhila hufuatwa kwa miguu," alisema. Basi walikwenda kwa wenye maduka wote, mmoja mmoja. Mzee Abdalla alikipangusa kiti kwa leso yake ili Nanjala asichafue gauni, kisha akampa tende.

"Alhamisi mtanikuta, inshallah," alisema. "Ufunguo nitakaa nao mimi mwenyewe."

Siku chache kabla ya mchezo, Bi Wangeci alipata wageni wa ghafla wa Alhamisi, akausogeza mchezo hadi Ijumaa. Mama hakuweza kuondoka mezani.

"Nanjala, nenda kwa kila anayetusaidia," alisema. "Mwambie siku imehamia Ijumaa, umuulize kama inamfaa. Usimwache hata mmoja."

Nanjala alienda kwa mpiga chapa, akamwambia. Akaenda kwa Kavutha, muuza mabegi, akamwambia. Lakini kwa Mzee Abdalla, duka la jirani, mafundi walikuwa wamejaa mlangoni wakidai misumari na rangi. Alisimama kidogo. Jua lilikuwa kali, na njaa ilimuuma.

"Duka hili huwa wazi kila siku," alijiambia. "Alhamisi na Ijumaa zina tofauti gani?"

Akarudi ofisini.

"Umewaambia wote?" mama aliuliza.

"Wote, Mama."

Mama alimkatia kipande kikubwa cha hindi la kuchoma, akabaki na kidogo. "Asante, mama yangu. Umenipunguzia mzigo." Hindi lilikuwa tamu, lakini Nanjala hakulimaliza.

Ijumaa ilipofika, vikundi vilitoka ofisini mbio. Mama, Nanjala na Bi Wangeci waliwafuata kwa nyuma. Mungai wa mauzo, kijana mwenye maneno mengi, aliongoza kundi lake akiwatania wenzake wa hesabu.

"Beryl, mbona mnatembea kama mnahesabu hatua?"

"Na nyinyi mnaongea mpaka mnapita duka," Beryl alimjibu. Kweli, Mungai alikuwa amelipita la Kavutha.

Bi Wangeci alitabasamu. Mama naye alianza kupumua vizuri.

Mchana, vikundi vyote vilijua jibu la kitendawili cha mwisho, vikakimbilia duka la Mzee Abdalla. Walilikuta limefungwa. Mungai aligonga mlango wa bati mara kadhaa, bila jibu.

"Huyu mzee ametuchezea," alisema. "Anakubali, halafu anafunga duka."

"Everlyn," Bi Wangeci aliuliza, "huyu mtu alikuahidi?"

"Aliahidi, Madam." Sauti ya mama ilikuwa ndogo. "Sijui. Labda amesahau."

"Wazee wengine neno lao ni la mdomoni tu," mtu mmoja alisema, na wengine wakaguna.

Nanjala aliutazama mlango ule. Aliikumbuka leso iliyopangusa kiti. Kama angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Mzee Abdalla angebaki mtu asiyetimiza neno, na hata asingejua kwamba jina lake limechafuliwa pale mlangoni pake.

"Hakusahau," alisema. Watu wote wakageuka. "Mama alinituma nimwambie kwamba siku imebadilika. Duka lilikuwa limejaa watu, sikungoja. Nikamdanganya Mama kwamba nimewaambia wote."

Mama alimtazama. Kisha akamgeukia Bi Wangeci. "Madam, kosa limetoka kwetu. Mzee hana lawama."

Kavutha alichungulia kutoka dukani kwake. "Leo ni Ijumaa, jamani. Mzee ameenda kuswali, kama kila Ijumaa. Atarudi." Akatoa mabenchi na kutandaza magunia mbele ya duka lake. "Kaeni. Au mmelipwa kusimama?"

Bi Wangeci alikuwa wa kwanza kukaa. Wengine wakafuata, wakibanana. Mtu alinunua mandazi, yakapita mkono kwa mkono.

"Wewe unakaa wapi?" Beryl alimuuliza Mungai.

"Kabiria, nyuma ya kanisa."

"Ile ploti yenye geti la kijani? Basi ni wewe jirani yetu unayepiga redio Jumapili alfajiri."

Walicheka hadi Mungai akafunika uso. Aliahidi kuipunguza sauti. Muda si muda, watu wa juu na watu wa chini walikuwa wakiulizana habari za watoto, za nyumbani Kakamega na Siaya, za magoti yanayouma.

Mzee Abdalla alitokea akiwa na kofia na kanzu nyeupe. Alipoona umati mbele ya duka, akaharakisha.

"Kulikoni? Nani kafa?"

Nanjala alimwendea. "Shikamoo, babu. Ni mimi nimekosa. Sikukuambia kwamba siku imekuwa Ijumaa."

"Marahaba, mwanangu." Mzee alishusha pumzi. "Ndiyo maana. Jana niliwangoja kutwa. Hata chakula niliagiza nikala hapa hapa dukani, nikihofia mtafika nisiwepo." Akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo aliokuwa ameufunga utepe mwekundu. "Nikasema wana shughuli zao, watakuja. Sikuutoa mfukoni."

Machozi yalimtoka Nanjala. Mungai, aliyelalamika kuliko wote, alivua kofia yake.

"Mzee, tulikusema vibaya. Utusamehe."

"Mungu atusamehe sote," Mzee Abdalla alisema. "Nani alifika kwanza?"

"Mimi," Mungai alijibu, akamtazama Beryl. "Lakini kasha tutalifungua pamoja."

Ofisini, kasha lilifunguliwa mbele ya wote, na keki iliyokuwa ndani ikakatwa vipande vya kutosha kila mtu. Kavutha na Mzee Abdalla waliwekewa vyao.

"Everlyn," Bi Wangeci alisema, "nilitaka watu wangu wajuane, na leo wamejuana. Mikutano na sherehe ni zako. Na anayepeleka habari awe huyu huyu. Ameona jinsi ya kukosea, na ameona jinsi ya kusema ukweli."

Mama alimshika Nanjala bega. "Mwanangu, ulidhani umejipunguzia safari fupi tu. Lakini mtu alikaa siku nzima akitimiza neno lake kwetu, na kidogo tumlipe kwa kumwita mwongo. Ukitumwa, fika. Usipofika, sema hukufika. Ukweli uliosema leo ulikuwa mgumu, nami najivunia kwamba uliusema."

Nanjala aliufunga tena ufunguo kwa ule utepe mwekundu, ili Mzee Abdalla autunze hadi mchezo mwingine. Akachukua sahani mbili za keki, akaenda River Road kwa miguu. Mafundi walikuwa wamejaa tena mlangoni kwa Mzee Abdalla. Safari hii, alisimama akangoja zamu yake.