Mume Wangu Aliniweka Rehani kwa Sababu ya Injini

"Mtupeni tu nje! Injini kama hii haipatikani tena… Mke atapatikana."

Hiyo ni sauti ya mume wangu. Mume wangu wa ndoa, jamani! Inatoka kwenye redio ya maharamia wenzetu, na mimi niko palepale, nimefungwa mikono kwenye bomba la maji, nasikia kila neno.

Naandika hapa nikiwa na hasira mpaka vidole vinagonga herufi zisizo sahihi. Mnivumilie.

Kwanza mjue sisi ni watu gani. Sisi ni maharamia wa anga. Tunavizia meli za mizigo kati ya sayari na sayari, tunapanda, tunabeba, tunakimbia. Mume wangu ndiye nahodha. Mimi ni fundi wa hewa, yaani wote waliokuwa wanavuta pumzi mle ndani walitakiwa wanishukuru mimi.

Na meli yenyewe ni mama mkwe wangu.

Hapana, sijakosea kuandika! Yule mama ndiye aliyekuwa nahodha kabla ya mwanawe. Mwili ulipochoka, akaagiza akili yake yote ihamishiwe kwenye mitambo ya meli. Sababu aliitaja mbele yangu, bila haya:

"Siwezi kufa nikamwachia huyu mwanamke chombo changu."

Wenzangu mnalia kuishi na mkwe nyumba moja. Mimi naishi NDANI ya mkwe!

Niko jikoni, spika ya juu ya jiko inaniuliza, "Hiyo sufuria umeiosha, au umeionyesha maji?"

Niko bafuni na povu kichwani, maji yanakatika. "Yametosha. Kwani unaosha tembo?"

Na miaka yote hiyo mume wangu alikuwa ananibembeleza. "Mpuuze mama, mpenzi wangu. Mimi nipo." Ulimi wa asali yule. Asali kabisa!

Sasa sikilizeni.

Tulipata habari za meli ya mizigo iliyojaa magodoro. Msicheke! Sisi tunalala juu ya vyuma, kila asubuhi mtu anaamka mgongo umemgoma. Lakini meli ile ilikuwa na mbio, na injini yetu ilikuwa inakohoa tu. Ikabidi tuazime injini kwa nahodha mwingine, mwanamke mmoja anaitwa Macho Matatu. Mawili kazaliwa nayo, la tatu kalipandikiza kisogoni kwa sababu haamini mtu.

Kwetu maharamia huazimi kitu hivi hivi. Unaacha mtu wako rehani, halafu unaweka kiganja kwenye ubavu wa meli yako na kuapa. Ukirudisha kitu, unapewa mtu wako. Usiporudi, mtu wako anatolewa nje bila nguo za anga, na huko nje hakuna hewa ya kuvuta.

Mume wangu akanichagua mimi.

"Ni kidogo tu, mpenzi. Hata njaa haitakuuma."

Akaweka kiganja ukutani, akaapa kwa sauti kila mtu asikie:

"Nisiporudi kumchukua mke wangu, chombo hiki kisinitii tena!"

Nikamwamini. Mjinga mimi, hadi nikampungia mkono!

Magodoro wakayapata. Injini wakaipenda. Na bwana mkubwa akapiga redio kusema yale mliyoyasoma pale juu.

Macho Matatu akazima redio, akanitazama.

"Dada, mimi sina ubaya na wewe. Lakini nikikuachia, kesho kila mtu ataazima vitu kwangu na kunitupia ndugu zake."

"Nipe nafasi niongee naye!"

"Uongee nini na mtu ambaye amekwisha kukuuza?"

Sikulia. Hasira ilinikausha machozi yote. Sikuwa naogopa kufa kama nilivyokuwa naogopa kufa kabla sijamkaba yule mwanamume koo.

Wakanifungua, wakaniingiza kwenye chumba cha mlango wa nje. Chumba chenyewe ukubwa wa choo, taa moja nyekundu, spika moja, basi. Mlango wa ndani ukafungwa nyuma yangu. Kupitia kioo nikamwona Macho Matatu anapeleka kidole kwenye kitufe…

Nikafumba macho.

Spika ikalipuka kwa sauti!

"Mama, geuza! Mama, unakwenda wapi? Mamaaa!"

Mume wangu! Anapiga kelele kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano.

Ikafuata sauti nyingine, ninayoijua kuliko yangu mwenyewe.

"Nyamaza! Umeweka kiganja ubavuni kwangu ukaapa. Ulidhani unaapia bati?"

Jamani! Yule mpumbavu aliapa kama maharamia wote wanavyoapa, akasahau kwamba chombo chake kina masikio. Tena ndicho kilichomzaa!

"Na wewe mwenye macho mengi," mama mkwe akaendelea, "toa kidole hapo. Injini yako naileta. Na mwanangu naye namleta."

Meli ikaja ikajibandika ubavuni. Mlango wa nje ukafunguka, akatoka mume wangu anarukaruka, nyuma yake roboti ya kufagia inamgonga visigino.

Akaniona. Akapiga magoti.

"Mke wangu… shetani alinipitia!"

"Shetani gani anayehitaji injini?"

Nikamtandika kofi! Pale mwili ni mwepesi kama unyoya, akapaa na kuzunguka hewani. Alipokuwa anarudi chini nikamwongeza la pili.

Macho Matatu akafungua mlango wa ndani, akacheka mpaka akashika ukuta. "Huyu niachie. Matangi yangu ya maji machafu hayajasuguliwa tangu niyanunue."

Injini yao ikashushwa, nikapanda kwetu bila mume. Mlango ukafungwa.

"Mama…"

"Nini?"

"Kwa nini umerudi? Si ulikuwa hunitaki?"

"Sikutaki mpaka leo."

Injini yetu ya zamani ikakohoa, tukaondoka.

"Baba yake mwanangu naye aliniweka rehani," akasema. "Hakurudi."

"Ukafanyaje?"

"Nilimtoa nje nahodha wao kwa mlango uleule aliotaka kunitolea. Meli yake ndiyo hii unayokanyaga."

Hapo ndipo machozi yalipotoka, jamani. Nililia kwa kwikwi, nimekumbatia ukuta wa chuma.

"Futa hayo machozi, unalowesha sakafu," akasema. "Halafu nenda ukakae kwenye kiti cha nahodha. Kiko wazi."

Sasa kuna watu watakuja hapa kwenye maoni kuniambia nimsamehe, eti ndoa ni kuvumiliana. Njooni mumchukue! Yuko kwenye matangi, mtamjua kwa harufu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilimchukia aliyenisema mchana kweupe, nikalala na aliyeniuza huku ananiita mpenzi. Dada zangu, maneno matamu yasiwalevye. Mtazameni mtu siku akilazimika kuchagua kati yenu na kitu anachokitaka. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, hata kama ana mdomo mchafu.

Naishia hapa. Mama anauliza nahodha gani anashinda kwenye simu badala ya kuendesha meli.