Kamba Mwenye Mikono Mirefu

Mtu akipenda, mimi humjua kabla yeye mwenyewe hajajijua. Jicho langu halijapata kunidanganya. Isipokuwa kwa mume wangu wa kwanza, ambaye nilidhani haishi kunitazama, kumbe alikuwa anatazama televisheni iliyokuwa nyuma yangu. Lakini kwa hawa wawili sikukosea.

Walikutana Jumamosi, chini ya jengo la maduka, saa ambayo watu hukanyagana visigino. Wapagazi walikuwa wanapitisha kabati, na dada wa mapokezi wa kliniki ya meno, ghorofa ya tatu, akajibanza kwenye duka la samaki wa mapambo asije akapondwa. Alivaa gauni la kijani lililomkaa sawasawa na raba nyeupe alizozitunza kama mboni ya jicho. Nyuma ya kaunta alisimama kijana mrefu, mikono ya shati ameikunja, amejipulizia manukato kuua harufu ya chakula cha samaki. Haikufa. Watu walimwita Profesa, kwa sababu tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumsikia akisema "sijui".

"Huyu naye ni nani?" dada aliuliza, ameinama mbele ya kioo cha tangi. Kamba mmoja, wale wa jamii ya uduvi, mwili kama kidole, mikono ya buluu mirefu kuliko mwili wenyewe, alikuwa amekaa peke yake.

Profesa alikuwa na wiki mbili tu katika duka hilo la mjomba wake. Mjomba alisafiri bila kumweleza lolote juu ya kamba yule. Mtu mwingine angenyamaza.

"Huyo? Mpole sana. Anakula ukungu wa kwenye mawe, basi."

"Na hiyo mikono yote?"

"Ya kukumbatia."

Dada akacheka, akaziba mdomo. "Kliniki nina samaki wadogo tisa, wanaliwaza watoto wanaoogopa kung'olewa meno. Anaweza kukaa nao?"

"Atawalea, bibie. Na mimi nitakuwa napanda kuwajulia hali."

"Kuwajulia hali samaki?"

"Nitaanza na samaki."

Wakapeana namba, na dada akapanda na kamba kwenye mfuko wa maji. Wiki ile simu hazikupoa. "Umekula?" "Nimekula." "Umekula nini?" "Profesa, niache, nina wagonjwa." "Hata mimi mgonjwa, mpenzi." Basi dada huyo alikuwa akitabasamu hadi kwa watu wenye jipu la fizi.

Siku ya tano sauti yake ilibadilika. "Profesa, samaki wangu wanapungua."

"Wanapungua uzito?"

"Wanapungua wenyewe. Walikuwa tisa, leo nahesabu watano."

Profesa akatazama dari. Dari haikumsaidia. "Nani anasafisha hapo?"

"Shangazi." Ndivyo walivyomwita wote yule mama mtu mzima aliyefagia kliniki kabla wenzake hawajaamka.

"Basi ni sabuni. Tone moja likiingia majini, samaki mdogo anayeyuka kama sukari."

Mtu aliyependa huambiwa samaki anayeyuka, naye akaitikia. Dada akatoka na hasira zake hadi mapokezi na kumwambia Shangazi, mbele ya wagonjwa, kwamba uzembe wake umeua samaki wa watoto. Shangazi akaegemeza fagio ukutani. "Mwanangu, kioo kile nakifuta kwa maji matupu," alisema. Daktari akaamuru asiguse tena mapokezi, awe anasafisha vyoo tu. Mchana ule walimkuta amekaa kwenye ngazi, amejifunika uso kwa kitambaa cha kichwa.

Asubuhi ya pili yake dada aliwahi kazini. Alipofungua pazia alimwona kamba, yule mlezi, amemshika samaki kiunoni kwa mikono miwili, anamtafuna taratibu kama mtu anayekula hindi la kuchoma. Waliobaki walikuwa wawili.

Dada alisikia uso unawaka hadi masikioni. Alimhamishia kamba kwenye ndoo, akafunika, akamfuata Shangazi chooni na kumwomba radhi huku analia. Shangazi alimshika bega, akamwambia yameisha. Lakini ungemtazama, ungejua hayajaisha. Daktari akamrudisha Shangazi mapokezi, na kwa siku kadhaa dada hakuweza kumtazama usoni.

Asubuhi ile ile akampigia Profesa. "Umenifanya nimwaibishe mtu wa kunizaa. Usinipigie tena." Simu ikakatwa.

Jioni mjomba akarudi. "Yule wa mikono mirefu yuko wapi?"

"Nimemweka kliniki, mjomba. Na samaki wadogo."

Mjomba akaketi. "Umemweka chui kwenye banda la kuku. Yule hungoja taa zizimwe, samaki wakisinzia chini anawaokota mmoja mmoja. Kwa nini hukuniuliza?"

Siku kumi Profesa alipita mlango wa nyuma wa jengo, asikutane na raba nyeupe. Alipiga simu, haikupokelewa. Siku ya kumi na moja akapanda ghorofa ya tatu, ameshika shavu.

"Jino lipi?" dada aliuliza bila kuinua macho.

"Juu, kushoto."

Dada akaandika kwenye kadi. Profesa akaingia, akalazwa kwenye kiti, akafungwa kitambaa kifuani.

"Linauma wapi?" daktari aliuliza.

"Chini, kulia. Silali, daktari."

Daktari akasoma kadi. Akagonga meno, moja baada ya jingine. "Meno haya yanatafuna kokoto. Umefuata nini hapa?"

Mlango ulikuwa wazi, na mapokezi wote wakageuza shingo. Profesa akainuka, kitambaa bado kinaning'inia shingoni, akaenda hadi aliposimama Shangazi na ndoo yake.

"Shangazi, habari ya sabuni niliitunga mimi. Kamba yule sikumjua. Nikasema namjua."

"Sijasikia vizuri."

"Sikujua."

"Wa kule nyuma hawajasikia."

"Sikujua, Shangazi. Nisamehe."

Mgonjwa mmoja alisahau jino lake akacheka. Shangazi akachovya dekio kwenye ndoo, akalikamua polepole. "Nimesikia sasa," alisema.

Profesa akamgeukia dada. "Tangi la kamba liko chini, nimeliandaa, asikae tena kwenye ndoo. Akae peke yake. Nimeweka mchanga, kipande cha bomba cha kujifichia, na mfuniko mzito, maana hupanda akatoroka. Ukitaka kumpa mwenzake, awe samaki mwepesi, mkubwa kuliko kiganja, anayeogelea juu juu."

"Na wewe ukae na nani?"

"Hilo sijui."

Midomo ya dada ilitaka kucheka, akaibana. "Mimi nilishakusahau. Hata namba yako niliifuta siku ile ile."

"Kweli?"

"Kabisa. Ukipiga hapa, sitajua ni nani."

"Hebu mpigie, tuone," alisema Shangazi.

Profesa akapiga. Juu ya meza, katikati ya kadi za wagonjwa, simu ikaanza kutetemeka. Dada alirusha mkono, Shangazi akawahi. Kusoma kwake ni kwa polepole, na siku hiyo alisoma polepole zaidi, kwa sauti, kidole kikifuata herufi.

"Mu-me," alisoma. "M-ta-ra-ji-wa."