Numero ya Kupigia Basi Likianguka

— Papa wa kiti cha kumi na mbili, kamata simu! Madame wako analia!

Kakule, convoyeur, yaani kondakta wa basi, alisimama kwenye mvua na tochi mkononi. Basi letu lilikuwa limelala ubavu ndani ya mtaro, mbele kidogo ya Kabale, ng'ambo ya Uganda. Mungu alisaidia, hakuna aliyekufa. Vioo tu vilivunjika, na simu yangu ikapotea humo humo.

Kiti cha kumi na mbili alikuwa Fortunat, mchumba wangu. Mimi, Joviale, cha kumi na tatu.

— Madame gani? nikauliza. Madame wake si ni mimi?

Fortunat akakamata simu ya Kakule. Sauti ikatoka kwenye simu:

— Baba Ange? Uko muzima? Unijibu basi! Mutoto ameamka, anakuulizia!

Baba Ange! Miaka miwili nimependa mutu, sikujua hata kama ni baba ya mutoto.

— Marcelline, niko muzima. Nitakupigia.

Akakata haraka, akamurudishia Kakule simu. Nikamuangalia tu. Tulitoka Goma mchana, kila mutu na saki yake ya mugongo, tupite Bunagana, tulale ndani ya basi hadi Kampala, kisha Nairobi, kisha Mombasa tuone bahari. Tukirudi, mwezi wa nane, alete dot, mahari yangu, kwa papa yangu. Hivyo ndivyo nilivyoambia kila mutu, hadi wenzangu wa kuimba kwenye chorale.

— Chérie, nitakueleza...

— Eleza.

— Yule tuliachana zamani. Anakaa Lac Vert, pale Goma, analea mutoto, basi.

Nikamugeukia Kakule.

— Papa, ile numero uliitoa wapi?

— Kwenye liste, dada. Pale bureau Goma, kila musafiri anaandika jina lake na mutu wa kupigia kama kuna shida njiani. Yeye mwenyewe aliandika.

Nikakumbuka. Nilitaka kuandika, Fortunat akaniambia: "Wewe nenda ununue beignets za kula njiani, nitaandika kwa sisi wawili." Nikafurahi, nikajiambia, huyu ni bwana kweli. Mjinga mimi!

Kakule akamulika karatasi iliyolowa, akasoma:

— Fortunat Cirimwami. Kupigia: Marcelline, épouse.

— Épouse! Muke! Mutu muliyeachana naye unamuandika épouse?

— Joviale, sikufikiri. Mukono uliandika tu.

— Ndiyo! Mudomo ulinidanganya, lakini mukono unajua nyumbani kwako ni wapi.

Watu waliokuwa wamejikunyata kando ya barabara wakaguna. Mama mmoja akasema, "Eh, pole mutoto wangu." Sikutaka pole.

— Na mimi, Papa Kakule? Kwangu umepigia nani?

Akakuna kichwa.

— Kwako sikupigia, dada. Numero iliyo kando ya jina lako ni ya huyu papa mwenyewe.

Nikakaa kwenye matope. Kama tungekufa wote wawili, Marcelline angepigiwa simu, angekuja na ndugu zake kuchukua maiti yao. Mama yangu angekaa kwetu Mugunga akingoja picha za bahari.

— Joviale, simama, utashikwa na baridi. Tutaongea Kampala...

— Usiniguse!

Simu ya Kakule ikalia tena. Fortunat akanyoosha mkono, nikamutangulia.

— Usimuambie kitu, akanong'ona. Ninakuomba. Usiniharibie nyumba.

Nyumba! Dakika tano zilizopita alisema waliachana zamani.

— Allo? akasema Marcelline. Ni nani huyo?

— Ni Joviale. Bwana yako alikuwa anakuja kunitolea dot mwezi wa nane. Sikujua kama uko. Yeye ni muzima, hana hata mchubuko.

Nilisikia mutoto akilia upande ule. Nikangoja matusi, na ningeyapokea.

— Na weye, dada? akasema polepole. Umeumia?

Tangu basi lianguke, hakuna mutu aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikaanza kulia.

— Kwenu wanajua? Nani amewaambia?

— Hakuna.

— Unipe numero ya mama yako. Nitamupigia mimi.

Nikamutajia, numero moja moja, meno yakigongana kwa baridi.