Gauni la Akiba

Fundi cherehani alikwenda kuchukua mashine ya marehemu mama yake kabla giza halijaingia. Alidhani ni kazi ya dakika kumi. Mama mdogo, aliyeshika funguo, alifungua mlango akabaki kibarazani.

"Humo siingii," alisema. "Fanya haraka, mwanangu."

Fundi alicheka kimoyomoyo. Mama mdogo huyu alikuwa mwoga hata wa mjusi.

Chumba cha kushonea kilikuwa vilevile: chaki, futi, na ule mkasi ambao ole wako uukatie karatasi. Chini ya meza palikuwa na sanduku la bati. Mama alikuwa na mambo yake: kila gauni alilomshonea binti yake alikata mawili, la pili likizidi inchi moja. "Moja la kuvaa, moja la akiba. Utakua." Fundi alikua, akaacha kukua, na inchi ile ikaendelea kuzidi. Magauni ya akiba hakuwahi kuyavaa.

Alifungua sanduku. Yalikuwemo yote, kuanzia la mtoto wa miaka sita hadi la mwaka jana. Akashika pindo la lililokuwa juu.

Limelowa.

Akashika la pili. La tatu... Yote yalikuwa yamelowa, yakinuka maji yaliyolala. Na viwiko vyote vilikuwa vimechakaa. Nguo ya akiba inachakaaje?

"Umemaliza?" mama mdogo aliita kutoka nje.

"Bado!"

Neno lilimtoka kabla hajajizuia. Katika nyumba ile "bado" lilikuwa mwiko. Ukiulizwa kama umekula, unasema "sijala". Utotoni alichapwa kwa neno hilo, akaamini mama anachukia uvivu tu.

Ua wa nyuma ukajibu.

"Bado..."

Sauti ya mtoto. Ilitoka chini, kwenye tangi la maji ya mvua lililochimbiwa ardhini na kuzibwa kwa saruji tangu... tangu lini? Mikono ya fundi ilijua kabla yake. Ilikumbuka mfuniko wa chuma, baridi, mzito. Walikuwa wanacheza kujificha. Nije? Bado! Nije? Bado! Mpaka akachoka kungoja, akaifuata sauti, akausukuma mfuniko ukaziba tangi, ili mwenzake mle ndani akome. Kisha akaenda kula, akalala.

Alitoka mbio hadi kibarazani.

"Mama mdogo, nilikuwa na ndugu?"

Mama mdogo alitazama sakafu. "Dada yako," alinong'ona. "Alikuzidi inchi moja. Mama yako aliapa ni yeye mwenyewe aliyefunika tangi. Akatukataza tusikukumbushe."

"Si yeye. Ni mimi."

Mama mdogo hakubisha. Hilo lilimuumiza fundi kuliko yote.

"Kila jioni mama yako alikwenda pale tangini kuuliza, 'Nije?' Miaka yote akajibiwa bado. Jioni aliyofariki nilikuwa hapa kibarazani. Nilisikia kwa masikio yangu... 'Njoo, mama.'"

Fundi aliondoka na mashine. Sanduku hakuligusa tena.

Siku hizi, akijishonea gauni, mkasi wake unakata mawili. Na jua likizama huinamia ndoo ya maji jikoni kwake, akauliza taratibu, maana msamaha anautaka kuliko usingizi.

"Nije?"

Mpaka leo jibu ni lilelile: bado.

Ila jana lilichelewa kidogo.